Kundi Liende Mwendo wa Aliye Nyuma

Kundi linalopanda mlima lifuate mwendo wa mtu wake wa mwisho. Nalitanguliza hili kwa sababu vikundi vya matembezi ya wikendi vimekuwa vingi hapa Mombasa, na mimi nafurahi kwamba vimekuwa vingi. Walimu, wauguzi, mafundi, wafanyakazi wa bandarini, vijana wa Kisauni na akina mama wa Tudor, watu wanaoshinda wiki nzima kwenye joto na foleni, Jumamosi alfajiri utawaona na mabegi mgongoni. Wengine wanavuka Likoni kwenda Kwale, wengine wanakamata gari la Voi waende zao Taita. Miaka ya nyuma kupanda milima kulionekana kazi ya wageni na watu wa bara. Sasa ni yetu, na ndiyo maana nataka tuifanye vizuri. Vikundi vingi ninavyoviona bado vinatembea vibaya.

Chukua mwinuko wowote juu ya mji wa Wundanyi, kule Taita. Njia ni udongo mwekundu uliolowa umande, kushoto matuta ya mahindi na migomba, kulia bonde. Mbele wako vijana wanne wenye miguu mepesi. Wanafika kwenye kivuli, wanatua mabegi, wanakunywa maji, wanagawana tende na mahamri yaliyobaki ya asubuhi, wanapiga picha, wanacheka. Nusu saa baadaye anatokea mama mmoja wa makamo, leso kaifunga kiunoni juu ya suruali, mkono mmoja gotini, jasho linamtiririka mpaka kidevuni. Kabla hajafungua chupa yake ya maji, mtu anapiga makofi: "Haya jamani, tumekamilika, twende!" Wote wanasimama. Kijana anamgeukia, tena kwa heshima zote: "Shikamoo mama, uko sawa?" Naye anajibu, "Marahaba mwanangu, niko sawa, twendeni."

Hayuko sawa. Waliopumzika ni wale ambao hawakuhitaji kupumzika, na aliyehitaji ndiye pekee ambaye hakukaa chini. Likirudiwa jambo hilo kila kituo, kufika saa sita mchana huyu mama haongei tena. Anatazama visigino vya aliye mbele yake, ikiwa bado anamwona. Ngangao msitu mzuri namna ile, wenye ndege wasiopatikana kokote duniani ila kwenye milima hiyo ya Taita, kwake umekuwa mizizi ya kukwepa tu.

Na hili la "niko sawa" tulizungumze wazi, maana sisi watu wa Pwani tuna haya. Mtu mzima hatakubali mbele ya watoto kwamba amechoka. Hataki kuwa mzigo, hataki kuambiwa ndiye aliyewachelewesha wenzake. Kwa hivyo kumuuliza hakusaidii kitu. Kiongozi mwenye busara haulizi. Anasimama mwenyewe, anasema viatu vyake vimelegea, anakaa chini, na kundi zima linakaa naye. Mapumziko yaanze kuhesabiwa pale mtu wa mwisho anapokalia jiwe, si pale wa kwanza anapofika. Kanuni hii moja ikishikwa, nusu ya malalamiko yangu yamekwisha.

Kuna hesabu ya zamani ambayo wapanda milima wa Uingereza wanaitumia hadi leo. Ilitolewa mwaka 1892 na William Naismith wa Scotland, kwa watu wanaotembea kwenye vilima na nyanda zile zenye upepo. Ukiigeuza kwa vipimo vyetu, ni saa moja kwa kila kilomita 5, kisha unaongeza saa moja kwa kila mita 600 za kupanda. Ni hesabu rahisi, ila ilikuwa ya mtu mwenye nguvu na haikuweka muda wa kupumzika, kula, kusubiriana wala kufunga kamba za viatu. Viongozi wetu wengi hupanga siku kwa namna hiyohiyo bila kujua: wanachukua muda waliotumia wao walipokwenda wenyewe kuangalia njia, ndio wanautangaza kuwa muda wa kundi.

Tuifanye hesabu hiyo kwa mlima Kasigau, huko Taita. Kilele kiko mita 1,641 juu ya bahari, na kutoka vijijini chini unapanda takriban mita 1,000. Tuseme njia yenyewe ni kilomita 4. Kwa Naismith ni kama saa mbili na nusu. Kwa kundi la watu wa kila umri, wanaopita kwenye vichaka vikavu vya miba huku chini, kisha wanaingia msitu wa mawingu wenye utelezi kule juu, panga muda wa saa nne. Wakianza saa tatu asubuhi wamefika kileleni saa saba, wakala, wakaswali, wakaanza kushuka saa nane, na kushuka nako kunataka magoti. Jua letu huzama mnamo saa kumi na mbili na nusu, mwaka mzima, na giza haliji polepole. Sasa mwambie mtu aliyetoka Mombasa asubuhi hiyohiyo aanze kupanda saa tatu! Mimi nasema Kasigau ni mlima wa kulala chini yake Ijumaa. Wasiokuwa na Ijumaa waende vilima vya Shimba, Kwale.

Na ukilala chini ya Kasigau utasikia mambo. Mwaka 1915, wakati wa vita vya Waingereza na Wajerumani, watu wa Kasigau walihamishwa kwa nguvu na serikali ya Waingereza wakapelekwa Malindi, wakidaiwa kuwasaidia Wajerumani. Jambo kama hili mwenyeji anayekuonyesha njia hakusimulii ukiwa unahema. Anakusimulia mmekaa, na mkimpa nafasi. Kundi linalokimbilia kilele linamlipa mtu huyu kwa siku nzima halafu linarudi bila kujua hata babu zake walipita wapi.

Tena kutoka Mombasa kwenda Kasigau kwa miguu si jambo lililoanzishwa na sisi. Mmisionari Johannes Rebmann alitoka Rabai, karibu na Mombasa, mwaka 1847 akafika mlima huohuo, wakati huo ukiandikwa Kadiaro, na mwaka uliofuata msafara wake ukiongozwa na Bwana Kheri ukaendelea mpaka akaiona theluji ya Kilimanjaro. Njia hiyo inakata nyika ya Taru, nchi kavu isiyo na mto wa kutegemea. Aliyeachwa nyuma pale aliachwa bila maji. Nadhani watu wa misafara wangetushangaa sisi tunaotawanyika kilomita mbili mlimani na tukaita hiyo safari ya pamoja.

Shimba yenyewe ni mwalimu mzuri. Pale ni hifadhi ya taifa, kuna tembo, kuna nyati, kuna swala waitwao palahala ambao Kenya nzima huwapati kwingine porini. Ukitaka kushuka kwenye maporomoko ya Sheldrick unakwenda na askari wa wanyamapori mwenye bunduki, na yeye hana mchezo: mnashuka pamoja, mnapanda pamoja, anayebaki nyuma anasubiriwa. Ni kama kilomita mbili tu za kushuka, maji yenyewe ni baridi na matamu, shida ni kurudi juu mchana. Lakini sijasikia mtu akilalamika kwamba askari alimchelewesha. Watu wanapanda polepole, wanashikana mikono kwenye mawe, wanaongea njia nzima. Watu walewale, Jumamosi inayofuata wakiwa Taita bila bunduki mbele yao, wanageuka wakimbiaji. Tembo hayuko, lakini ukungu upo. Juu ya kilele cha Vuria, mita 2,208, ukungu ukishuka unaweza usiione ile minara ya mawasiliano iliyo pale kileleni mpaka uwe chini yake. Njia za wakata mbao na kuni ziko kila upande, na mtu aliye peke yake nyuma atafuata ile iliyokanyagwa zaidi, ambayo huenda inaelekea shambani kwa mtu.

Ninavyotaka iwe ni hivi. Mwenyeji anayejua njia awe mbele, na mara tu nyuma yake awe yule mwenye mwendo mdogo kuliko wote. Siyo mwisho. Akiwa mwisho kila mara anakimbiza pengo. Akiwa wa pili, pengo lenyewe limekwisha. Mkia ushikwe na mtu mzoefu, mwenye maji ya ziada, bendeji na tochi, na asimwache yeyote nyuma yake, hata anayekwenda haja. Kwenye kila njia panda kundi lisimame mpaka wote waonane kwa macho, wahesabiwe, ndipo liendelee. Na mwendo uwe ule ambao mtu anaweza kuongea sentensi nzima bila kukata pumzi. Wakinyamaza wote, mnakwenda mbio.

Kwa wanaoanza kuitamani Mlima Kenya na Aberdare, hapo suala si la adabu pekee. Ukipita msitu na mianzi unatokea uwanda wa juu ambao hauna mfano Pwani: nyasi ngumu zinazoota kwa mafungu, matope meusi katikati, mimea ya lobelia mirefu kupita mtu, upepo wa baridi usio na kizuizi. Kwenye njia ya Naro Moru kuna mteremko wa matope unaopandwa kwa kuruka fungu hadi fungu la nyasi, na mguu ukikosea umezama mpaka juu ya buti. Hapo mwenye nguvu anachoka, sembuse mgeni. Nasi tumelala usawa wa bahari maisha yetu yote. Ushauri wa madaktari wa milimani ni kwamba ukishapita mita 3,000, usipandishe mahali pa kulala zaidi ya mita 500 kwa siku, na kilele cha Lenana, Mlima Kenya, kiko mita 4,985. Maumivu ya kichwa, kichefuchefu, kukosa hamu ya kula, kuyumba: mara nyingi aliyebaki nyuma hajachoka, anaumwa, na dawa yake ni kushuka, akiwa na mtu. Kumwambia "tutakukuta tukirudi" ni kumhatarishia maisha. Waelekezi wa Kilimanjaro wanaimba pole pole kutwa, nao ndio wenye mapafu ya kukimbia wakitaka.

Najua jibu la vijana, nimeshalisikia: wao wamelipa nauli pia, wanataka mazoezi, hawawezi kutembea kama wako arusini. Wana haki. Mtu mwenye pumzi ya kumaliza Vuria kwa saa chache asinyimwe. Ila asiitwe kwenye kundi moja na shangazi yake kisha wakaachana njiani. Watangazwe matembezi mawili, hata siku moja na gari moja, kila moja na mwenyeji wake na mtu wake wa mkia. Tangazo linalotumwa katikati ya wiki, pamoja na nauli na mahali pa kukutana, liandike mwendo ni upi, kupanda ni mita ngapi, saa ngapi kundi litageuka hata kama kilele hakijafikiwa, na nani atakuwa nyuma. Mama yule akisoma hayo nyumbani atachagua mwenyewe, bila kuulizwa na mtu mbele ya watu.