Uhindini ya Dodoma: tubomoe yote, au tubakize nini?

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda moja kwa moja jengo lililojengwa kabla ya 1863. Dodoma ilianza kuwa mji mwanzoni mwa karne ya 20, Wajerumani walipofika na reli ya kati. Kwa kipimo hicho hakuna nyumba hata moja ya katikati ya mji iliyofikisha umri. Yoyote kati ya hizo inaweza kuangushwa, isipokuwa waziri ameitangaza kuwa ya kuhifadhiwa.

Na sababu za kuziangusha zinaongezeka. Serikali ilitangaza kuhamia Dodoma mwaka 2016, mji ukawa jiji 2018, sensa ya 2022 ikahesabu watu zaidi ya 765,000, treni ya reli ya kisasa (SGR) ikaanza safari 2024. Viwanja vya Uhindini na Madukani, mitaa ya zamani ya katikati ya mji, vina madalali wake. Nyumba za chini zenye baraza mbele, duka chumba cha mbele na familia uani, zinapisha ghorofa zenye fremu chini na ofisi juu.

Wanaotaka zibomolewe si watu wasio na historia. Nyumba ya mirathi yenye warithi kumi na bati linalovuja haimlipi mtu, na kiwanja kile kile kinabeba ghorofa tano. Lakini hoja yao nzito zaidi si ya pesa. Uzunguni na Uhindini ni mitaa iliyopangwa kwa rangi za watu, Mwafrika akiwekwa kando. Kwa nini Mgogo, mwenyeji wa huku, alipie ukarabati wa baraza za wafanyabiashara, wakati tembe lake lilitoweka bila kikao? Kuta za miti na udongo, paa bapa la udongo, ng'ombe ndani ya ua: ndiyo yalikuwa makazi ya huku. Operesheni ya vijiji vya miaka ya 1970 ikawatoa wengi humo, bati likamaliza kazi. Tena waliopata bati hawakulia, maana paa la udongo hudai marekebisho kila masika na mchwa hawana likizo.

Kwangu hoja hiyo inadai orodha ya urithi ipanuliwe. Haihalalishi tingatinga. Angalia Kwihara, nje kidogo ya Tabora: tembe limetunzwa kwa sababu Livingstone na Stanley, wasafiri wa Kizungu wa karne ya 19, walikaa humo. Ajabu yetu hiyo, nyumba ya udongo kupata heshima kwa mgeni aliyelala ndani.

Hoja ya nafasi ndiyo dhaifu. Jiji hili lina zaidi ya kilomita za mraba 2,500, na wizara zenyewe zimekwenda Mtumba, mji wa serikali nje ya katikati. Anayesema hakuna pa kujenga isipokuwa juu ya duka la Uhindini anazungumzia faida yake, jambo ambalo si dhambi, ila aliite kwa jina lake. Mpango mkuu wa 1976 wenyewe uliutaka mji wa majengo mafupi, watu watembee kwa miguu. Kwa jua la Dodoma, mvua ikiwa ya miezi michache tu kuanzia Disemba, baraza ni kivuli cha mpita njia na cha fundi cherehani. Jengo la vioo lisilo na kivuli mbele linamwachia mteja jua, na mwenye duka bili ya kiyoyozi.

Wahifadhi nao wanaharibu wanapotaka kila kitu kibaki na gharama zote awe nazo mwenye nyumba. Ukimkataza kubomoa bila kumpunguzia kodi ya jengo, anaacha mvua imbomolee. Afadhali safu ya mbele ibaki na baraza zake na kimo chake, ghorofa ipande nyuma, uani, pale kiwanja kinaporuhusu. Wapo watakaosema huko ni kubakiza uso tu. Nakubali, na bado naona ni nafuu kuliko kupoteza mtaa mzima.

Kabla ya hapo halmashauri inahitaji orodha: nyumba ipi, ya lini, ya nani, hali yake ipi. Pasipo orodha, ofisa anayetoa kibali hana cha kurejea. Mtaa wa Majengo nao uwemo, si Uhindini pekee, na matembe yaliyosalia vijiji vya pembezoni yaandikwe kabla wapima viwanja hawajapanda mawe ya mipaka.