Marobota ya pamba yaliyotikisa Muungano wa Marekani

Aprili 13, 1830, kwenye karamu ya kumuenzi rais wa zamani Thomas Jefferson jijini Washington, Rais Andrew Jackson alisimama na glasi mkononi akasema Muungano lazima ulindwe. Makamu wake, John C. Calhoun wa jimbo la South Carolina, akamjibu mbele ya wageni: Muungano ni azizi, ila uhuru wetu kwanza. Na hao walikuwa serikali moja.

Kisa kilikuwa ushuru. Mwaka 1828 Bunge lilipandisha ushuru wa forodha, hasa kukinga viwanda vya Kaskazini na bidhaa za Uingereza. Mkulima wa pamba wa South Carolina aliuza Liverpool na kununua vitu kutoka nje, kwa hiyo aliumia mara mbili. Mbunge wa jimbo hilo, George McDuffie, alidai kwamba katika kila marobota 100 ya pamba, 40 yanamezwa na ushuru. Hapo alitia chumvi, lakini malalamiko yenyewe hayakuwa ya uongo. Katiba nayo haikusema wazi nani aamue jimbo likidai limeonewa.

Calhoun alisema: jimbo lenyewe. Novemba 24, 1832 South Carolina ikatangaza sheria za ushuru kuwa batili ndani ya mipaka yake, na ikaonya kwamba ikishurutishwa itajitenga. Jackson akajibu kuwa kujitenga kwa silaha ni uhaini. Hoja yake ina uzito: kila jimbo likichagua sheria ya kutii, hakuna sheria tena. Lakini mwaka huohuo Mahakama Kuu iliamua dhidi ya Georgia katika kesi iliyohusu ardhi ya Wacherokee, mojawapo ya mataifa ya wenyeji wa asili wa Marekani, Georgia ikapuuza, na Jackson hakuibana. Kusini nako hakukuwa na msimamo. Mwaka 1814, wajumbe wa New England, yaani majimbo ya kaskazini-mashariki, walipokutana Hartford kupinga vita na Uingereza, wengi wa Kusini waliwaona wasaliti. Mkuki kwa nguruwe mtamu. Haki za majimbo zilikuwa ngao ya yeyote aliyezidiwa kura.

Machi 2, 1833 Jackson alisaini sheria mbili kwa mpigo: ya kushusha ushuru taratibu, iliyosukumwa na Seneta Henry Clay, na ya kumruhusu kutumia jeshi. South Carolina ikafuta tangazo lake, kisha ikaibatilisha ile sheria ya jeshi, nadhani kwa kujifuta machozi tu.

Jackson na Calhoun wote wawili walijua pamba ilikuwa inalimwa na nani. Zaidi ya nusu ya watu wa South Carolina walikuwa watumwa. Katika barua ya 1830 Calhoun alikiri kuwa ushuru ulikuwa kichocheo tu, chanzo hasa kikiwa utumwa. Jackson, naye mmiliki wa watumwa, aliandika Mei 1833 kwamba kisingizio kitakachofuata kitakuwa huohuo utumwa. Desemba 20, 1860 South Carolina ilijitenga kabla ya jimbo lingine lolote. Hati yake ya sababu imejaa habari za watumwa. Ushuru wa forodha haulalamikiwi hata mara moja.