Sikulia, lile lilikuwa jasho

Wadau, klipu inayosema nililia sokoni imeshafika hadi grupu la familia, kwa hiyo acha na mimi niseme. Sikulia. Lile lilikuwa jasho.

Mnanijua. Theluji naiona kwenye simu tu, ila habari za skii, ule mchezo wa kuteleza kwenye theluji, niulizeni. Sasa pale Karume, soko la mitumba, jamaa kafungua robota, yakatoka mabuti ya skii, vibano vinne kila mguu, naye anayanadi: "Buti za bodaboda, maji hayapiti!" Nitanyamazaje?

Nikamwambia, braza, hii 130 ubavuni ni kipimo cha ugumu. Haya ni ya freeride, ya watu wanaoshuka mlima usiochongwa njia, kama Bec des Rosses kule Verbier. Wale wa paki, wanaoteleza juu ya vyuma na kuruka matuta kule Laax, Uswisi, au kuruka kwenye halfpipe, yaani mfereji wa theluji wa mita 200 wenye kuta zinazokaribia mita 7, wanataka buti laini zaidi, maana ukitua vibaya na buti gumu, ugoko ndio unaolipa. Watu wakajaa. Nikanogewa. "Ngoja niwaonyeshe."

Nikavaa yote mawili, nikabana kila kitu. Buti la skii limeinamia mbele, magoti yanajikunja yenyewe. Nikasimama kama mtu aliyebanwa na haja, choo hakioni. Nyuma kuna kiswichi cha kulegeza kifundo ili utembee. Nimetoka kukieleza kwa ufasaha. Kimeganda kwa kutu.

Saa saba mchana, Februari ya Dar. Miguu ikaanza kuvimba. Nikafungua vibano vyote, wapi! Gamba limefunga juu ya wayo: lazima mmoja alipanue kwa mikono miwili, ulimi uvutwe juu, ndipo kisigino kipande. Changu kimegoma. Mama wa mihogo akasema, "Mtieni mafuta huyo mtoto wa watu." Wakanilaza chali juu ya suruali za elfu tatu. Muuzaji kashika buti, vijana wawili kwapani, na rafiki yangu (unajijua) kashika simu. "Moja… mbili…" Nikasikia sauti nyuma: "Eti huyu ndiye mtaalamu." "Tatu!"

Kwaa!

Gamba la kulia likapasuka kuanzia kwenye kibano hadi kisiginoni, vipande vikaruka hadi kwenye karai la mihogo. Plastiki ile ni polyurethane. Ikikaa miaka mingi unyevu unaila taratibu, nje inang'aa, ndani imekwisha. Nilianza kuwaeleza hilo nikiwa bado chali. Nikaambiwa ninyamaze.

La kushoto likatoka kwa mafuta ya mihogo. "Umevunja, umenunua." Elfu ishirini na tano. Bajaji, nyumbani, simu nikazima.

Sasa la kushoto ni zima na linauzwa. Saizi 27.5, yaani urefu wa mguu kwa sentimita, msije mkanisumbua na namba za viatu vya kawaida. Bei maelewano.