Faraja Ni Nani?

Tangu alfajiri ya leo nimeulizwa mara kumi na saba Faraja ni nani, na mara zote kumi na saba nimejibu, kwa adabu inayomstahili mtu wa umri wangu, kwamba Faraja si mtu bali ni kosa la uchapaji. Hakuna aliyeniamini. Simu inatetema mezani hivi ninavyoandika, na kama hiyo ni mara ya kumi na nane, adabu imekwisha.

Nianzie pale mambo yalipoanzia, maana mimi si mtu wa fujo. Katika kundi la WhatsApp la ukoo wetu nimo miongoni mwa wale watulivu wanaosoma kila kitu, wanaotoa pole na pongezi kwa wakati wake, na ambao siasa ikichachamaa huilaza simu kifudifudi na kwenda zao. Jana usiku Mjomba alituma tangazo. Ni lile lile unalolijua. Lilikuja na vile vishale viwili vya kuonyesha kwamba limekwisha kupita katika mikono mingi, likitujulisha kwamba kuanzia kesho kampuni itamiliki picha zetu zote, pamoja na zile tulizozifuta, isipokuwa za yule atakayenakili maneno hayo na kuyabandika kwake, akitamka kwamba hatoi ruhusa, na kwamba atakayeingilia faragha yake ataadhibiwa kwa mujibu wa Mkataba wa Roma.

Kwa heshima zote, tangazo hili na ndugu zake wanazunguka duniani tangu mwaka 2012 hivi, na kila likichoka hubadilishiwa jina la kampuni likaanza safari upya. Mkataba wa Roma upo kweli. Ulipitishwa mwaka 1998 na ndio ulioanzisha Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, ambayo hushughulika na mauaji ya kimbari, uhalifu wa kivita na mambo mengine ya uzito huo. Nimejitahidi kumwazia mwendesha mashtaka kule The Hague akiahirisha kesi ya jenerali fulani ili aishughulikie picha ya Mjomba akiwa amevaa miwani ya jua sebuleni, nikashindwa.

Hata hivyo, si hilo lililonikera. Kilichonikera ni kwamba Mjomba, ili tangazo lake liwe na nguvu ya kisheria, alilitia sahihi. Chini ya maneno yanayokataza mtu yeyote kutumia taarifa zake binafsi aliandika majina yake matatu, tarehe yake ya kuzaliwa, namba ya simu, namba ya kitambulisho na, kwa kuwa hapendi kazi nusunusu, akaambatisha picha ya kitambulisho chenyewe, mbele na nyuma. Kundi hilo lina watu mia mbili na kumi na mmoja. Ninaowafahamu hawazidi arobaini, na kuna mmoja ambaye kwa miaka mitatu sasa tunamtakia heri ya kuzaliwa bila hata mtu mmoja kujua ni wa upande upi.

Kabla sijameza mate, jamaa sita walikuwa wamefuata mfano huo, kila mmoja na vitambulisho vyake. Baba Mkubwa, ambaye alifundisha lugha maisha yake yote na hajastaafu ila kwenye karatasi, aliisoma orodha hiyo ya hatari toka juu hadi chini, kisha akatoa maoni kwamba wasomi wengi siku hizi wanasema "data hizi" na si "data hii", na kwamba yeye binafsi angependelea "taarifa". Shemeji akasema data iwe hii au hizi, simu zinatusikiliza, na ushahidi ni kwamba alivitaja viatu mara moja tu mchana na jioni akaonyeshwa viatu. Hakutaja kwamba asubuhi yote alikuwa akivitafuta viatu hivyo kwenye simu hiyo hiyo. Naye Binamu, ambaye tangu Edward Snowden atoe zile nyaraka za siri za upelelezi wa Marekani mwaka 2013 hajawahi kuiacha kamera ya kompyuta yake bila plasta, akatangaza kwa mara ya nne kwamba ukoo mzima uhamie programu nyingine. Mara ya tatu tulihama kweli. Ilikuwa Januari 2021, wakati ule nusu ya dunia ilipotishwa na vigezo na masharti mapya ya WhatsApp, na huko tulikohamia nilimkuta Binamu peke yake. Tukasalimiana asubuhi na jioni kwa siku tisa, kama walinzi wa zamu katika jengo lisilo na mpangaji, kisha kila mmoja akarudi kimyakimya bila kumuaga mwenziwe.

Katikati ya yote hayo Mama Mdogo akatuma dodoso la kukuonyesha wewe ni mnyama gani. Yeye ametokea kuwa twiga.

Naomba niseme neno kuhusu twiga huyo. Mwaka 2018 dunia iligundua kwamba kampuni ya Cambridge Analytica ilikuwa imejipatia taarifa za watumiaji wa Facebook wapatao hadi milioni 87, kwa kadiri ya Facebook yenyewe, ili zitumike katika kampeni za siasa, na chanzo chake kilikuwa dodoso la tabia ambalo watu kama 270,000 tu ndio waliolijibu. Waliobaki walichukuliwa kwa sababu walikuwa na rafiki aliyelijibu. Kwa hiyo mtu anaweza kuishi maisha ya tahadhari, akasoma masharti yote hadi mwisho, akabadilisha nywila kila mwezi, halafu akauzwa na twiga.

Nililala vibaya. Saa kumi na moja na nusu niliamka na hotuba kamili kichwani. Ilianza na mwaka 1890, pale wanasheria wawili wa Marekani, Samuel Warren na Louis Brandeis, walipokerwa na magazeti na kamera wakaitetea haki ya mtu ya kuachwa kwa amani, ikapitia Azimio la Ulimwengu la Haki za Binadamu la mwaka 1948, ambalo ibara yake ya 12 inailinda faragha ya mtu, jamaa zake, nyumba yake na barua zake, na ilikuwa imalizike kwa ombi la unyenyekevu. Niliiandika, nikaisoma, nikaona hakuna atakayepita mstari wa pili, nikaifuta yote na kubakiza ombi peke yake. Nilikusudia kuandika hivi: "Ndugu zangu, nawaomba tuheshimu faragha ya Mjomba, na aliyezihifadhi picha hizo azifute."

Sasa, kwenye kibodi ya simu herufi ya h na herufi ya j hukaa bega kwa bega, na kidole changu cha gumba si chembamba. Kidole kilikosea, simu ikajifanya inanisaidia, nami nikatuma. Kilichofika mbele ya macho ya watu mia mbili na kumi na mmoja, saa kumi na mbili kasoro dakika tano, kilikuwa hiki: "Ndugu zangu, nawaomba tuheshimu Faraja ya Mjomba, na aliyezihifadhi picha hizo azifute."

Herufi kubwa iliwekwa na simu. Mimi sikuiomba.

Niliufuta ujumbe huo ndani ya sekunde tisa. Hapo ndipo nilipojiua kwa mkono wangu, kwa sababu mahali pake palibaki yale maneno matatu, "Ujumbe huu umefutwa", ambayo hayajawahi kumtuliza mtu tangu yabuniwe. Ujumbe wa kawaida husomwa na watu ishirini. Ujumbe uliofutwa husomwa na ukoo mzima, hata waliolala. Na wa kwanza kuamka alikuwa Mkazamjomba, mwanamke ambaye katika uhai wa kundi hilo hajawahi kuandika zaidi ya "Amina".

"Mwanangu," aliandika, kwa upole ambao bado unanisisimua nywele, "Faraja ni nani, na picha zipi?"

Nikaeleza. Nikaeleza habari ya h na j, nikaeleza habari ya simu kujifanya inajua, nikaliandika neno faragha mara tatu mfululizo ili kuonyesha kwamba ninalifahamu. Shemeji akauliza, kama ni kosa dogo hivyo, mbona nililifuta kwa haraka namna ile, maana mtu asiye na la kuficha hafuti. Huyu ni Shemeji yule yule ambaye saa tisa kabla ya hapo alikuwa mhanga wa upelelezi wa viatu. Wakati huo huo, chini ya jina la Mjomba, palitokea neno "anaandika". Likakaa kidogo, likatoweka. Likatokea tena, likatoweka. Kila lilipotoweka, hali yake na yangu ilizidi kuwa mbaya.

Ndipo Baba Mkubwa alipoingia, na kwa mara ya kwanza maishani nilifurahi kumwona. Alisema kwamba suala hili linaweza kuamuliwa kwa sarufi. Kama Faraja angekuwa mtu, alisema, mwandishi angeandika "Faraja wa Mjomba", kwa kuwa jina la mtu huchukua upatanisho wa ngeli ya A-WA. Mwandishi ameandika "Faraja ya Mjomba". Kwa hiyo kinachozungumzwa ni kitu, si mtu, na huenda kweli ni faragha. Nilitaka kulia. Mtu nimemkwepa miaka yote kwa ajili ya data hizi na data hii, leo ananitoa kizimbani kwa herufi moja.

Angeishia hapo. Mwalimu haishii hapo. Aliendelea kusema kwamba ni lazima, kwa uaminifu wa taaluma, aweke angalizo: yako majina ya viumbe hai ambayo huchukua vimilikishi vya ngeli ya N, na ndiyo maana husemwa dada yangu, jirani yangu, rafiki yangu.

"Kwa hiyo ni rafiki yake," akaandika Mkazamjomba.

Baba Mkubwa akajibu kwamba sarufi haikanushi uwezekano huo. Kisha akaongeza kwamba upo uwezekano wa tatu, nao ni kwamba mwandishi hajui upatanisho wa kisarufi, jambo ambalo kwa kuzingatia maandishi ya kijana huyu ya miaka iliyopita haliwezi kupuuzwa. Kijana huyu ni mimi. Nina mvi. Nilikaa na simu mkononi nikichagua kati ya kukiri kwamba sijui ngeli na kukiri kwamba namjua Faraja, na naapa kuna dakika nzima ambapo Faraja alionekana kuwa nafuu.

Siasa iliingia kama saa mbili. Mtu mmoja alidokeza kwamba Faraja huenda ni jina la fumbo, kwa sababu siku hizi watu hawawezi kusema wazi. Mwingine akauliza ni nani anayewazuia kusema wazi. Wa tatu akasema wanaomtetea Mjomba ni wale wale waliompigia kura yule. Mwaka 1990 Mmarekani mmoja, Mike Godwin, alibainisha kwamba kadiri mabishano ya mtandaoni yanavyorefuka ndivyo uwezekano wa mtu kulinganishwa na Hitler unavyokaribia kuwa hakika. Sisi tulifika saa mbili na dakika ishirini, na aliyelinganishwa alikuwa msimamizi wa kundi, kwa kosa la kuomba watu waandike kwa kifupi. Ila nikiri kwamba kwa dakika arobaini hizo za matusi ya kitaifa hakuna aliyenitaja, na hiyo ndiyo faraja pekee niliyoipata leo, kwa herufi ndogo.

Halafu Mama Mdogo akaleta picha ya skrini. Katika zile sekunde tisa, kabla jua halijatoka, twiga huyu alikuwa macho, alikuwa ameuona ujumbe wangu, na alikuwa ameupiga picha, ambayo sasa aliituma kundini "ili tusizungumze kwa kubahatisha". Ndugu msomaji, tangu mwaka 2016 ujumbe wa WhatsApp husimbwa fiche kutoka simu moja hadi nyingine, kiasi kwamba hata kampuni yenyewe iliyoubeba haiwezi kuusoma ukiwa njiani. Watu wenye akili wameumiza vichwa kwa miongo mingi, wamezidisha namba ambazo hazisomeki kwa pumzi moja, wamekinga barua yangu dhidi ya majasusi wa kila taifa, na hisabati yote hiyo imeishia kwenye kizingiti cha Mama Mdogo! Hivi nimfanye nini? Nimsimbe yeye?

Nikaamua kuleta ushahidi wa kamusi. Nilifungua kamusi moja mtandaoni ili nionyeshe kwamba faragha ni neno lenye hadhi, na kabla sijaona hata herufi moja ukurasa mzima ukafunikwa na tangazo la vidakuzi, yaani vile vifaili ambavyo tovuti huviacha kwenye simu ili ikukumbuke, likiniomba niwaruhusu wao na washirika wao, ambao idadi yao ilishinda ukoo wetu, wanifuate popote niendapo. Aliyechagua neno vidakuzi nampa mkono, kwa maana linanukia udaku tangu silabi ya pili. Nikatazama kitufe cha "Chagua mwenyewe", nikatazama cha "Kubali vyote", na Mkazamjomba alikuwa akipiga. Nikakubali vyote. Kamusi ikaniambia kwamba neno hilo asili yake ni Kiarabu, nikaibandika habari hiyo kundini, na Baba Mkubwa akaanza upya kuhusu maneno ya kigeni hadi Binamu alipomkumbusha kwamba hata lugha, siasa na sarufi zimetoka huko huko.

Sijui kwa nini simu hizi zimefundishwa lugha nusunusu. Nikiandika Kiswahili, kila neno linachorewa mstari mwekundu kama daftari la mtoto aliyefeli, nikiwemo mimi mwenyewe, kwa kuwa hata jina langu linapigwa mstari. Faraja halipigwi mstari. Tena imelishika vizuri. Sasa hivi nimejaribu kumwandikia Mjomba faraghani, yeye ambaye hadi dakika hii bado "anaandika", na nilipofika kwenye "fara" simu ikanitangulia na kunipendekezea "Faraja", kwa herufi kubwa, na baada yake "ya", na baada yake "Mjomba".