Kima Alivyonilia Makaa Yangu

Mimi nachora kwa wino. Si wino wa dukani. Ule chupa ndogo tu bei yake unapata pweza wa kitoweo, na pweza analiwa. Wangu nautwanga mwenyewe: makaa ya vifuu, yakishakuwa unga laini nayakoroga na gundi na maji. Hata ule wino mweusi wa Kihindi unaosifiwa dunia nzima, asili yake ni masizi na gundi, kwa hiyo sijidharau. Shida yangu haikuwa wino. Shida ni kwamba kila nikichora mti, watu wanauliza umeme umefika lini mtaani.

Kwenye intaneti nikakutana na mwalimu wa utulivu wa nafsi. Bwana mpole, nguo nyeupe tupu, sauti ya kubembelezea mtoto. Anasema mchoraji asiuendee mti, auache mti umjie. Kaa chini, funga macho, vuta pumzi kwa hesabu ya nne, iachie taratibu. Usihukumu. Kinachokuja, kikaribishe.

Hilo la mwisho ndilo lililoniponza.

Nikavaa shati jeupe, nikapanda daladala la Makunduchi, nikateremka Jozani, penye msitu wa hifadhi hapa Unguja. Ndani ya hifadhi sikuingia. Kule unaongozana na mtembezaji, na utulivu wa kutajiwa majina ya miti njia nzima si utulivu. Nikachukua upande wa mashamba, kule minazi na miembe inakopakana na msitu, nikapata mkungu mkubwa wenye kivuli cha haja. Nikatandika kanga, karatasi hapa, chupa ya wino iko wazi, na pembeni kitambaa chenye vipande vya makaa vya kuchorea rasimu kabla ya wino. Nikafunga macho.

Moja, mbili, tatu, nne. Mbu akaja, nikamkaribisha. Mwenzake akaja, naye nikamkaribisha. Matawi yakatikisika juu. Nikasema moyoni, naam, mti ndio huo unakuja. Kisha nikasikia karibu na goti langu: kru, kru, kru.

Nikafungua jicho moja. Kima punju! Mgongo mwekundu, uso mweusi, nywele nyeupe kichwani zimemsimama, midomo ya rangi ya waridi. Wala hakuwa na habari na mimi. Ameshika kipande changu cha makaa anakitafuna polepole, macho kayaelekeza mbali, kama mzee anayekula kashata barazani baada ya laasiri.

Hapa nisimame kidogo, maana kuna watakaosema nawapiga kamba. Kima hawa wa Unguja wanakula makaa kweli. Mtaalamu Struhsaker na wenzake waliliandika jambo hilo mwaka 1997. Majani ya mkungu na mwembe yana lishe, lakini pia yana kemikali zinazovuruga tumbo. Makaa yanazinasa zile kemikali, tumbo likatulia. Kima wanayaokota kwenye matanuu na kwenye visiki vilivyoungua, na watoto wanajifunza kwa mama zao. Sasa nitazameni mimi: nimekaa chini ya mkungu, yaani mezani pao, nimewatandikia na dawa kwenye kitambaa safi.

Huyo wa kwanza akatoa mlio. Akashuka mama na mtoto wake. Wakashuka wengine. Mwalimu alisema kinachokuja. Ukoo mzima hakuutaja. Mmoja akaona kwa nini ahangaike kutafuna wakati yapo yaliyokwisha kutwangwa, akaikamata chupa. Lakini hawa dole gumba hawana, wana kinundu tu, na chupa ya kioo haishikiki kwa kinundu. Ikamponyoka ikanimwagikia kifuani. Nikapiga kelele ambayo haimo katika mafunzo ya utulivu, nikajipangusa uso kwa mikono yote miwili, na mikono yenyewe ndiyo iliyokuwa na wino.

Kima wakarudi juu. Nilipogeuka, mzee mmoja amesimama nyuma yangu na panga.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Umechoma wapi?"

"Nimechoma nini?"

"Makaa."

Nikajitazama. Shati jeusi, mikono myeusi, mkoba una unga wa makaa, na nyuma yangu msitu wa hifadhi ambao kuchoma makaa ni marufuku. Ningekuwa yeye, nami ningeuliza hivyo hivyo.

"Mimi mchoraji, mzee."

"Mchoraji," akarudia, huku akiniangalia kuanzia juu hadi miguuni. "Makaa ya nini?"

"Yalikuwa ya kuchorea. Kima wameyala."

Akavuta pumzi ndefu, naye nadhani alifika hesabu ya nne. "Twende kwa sheha."

"Mzee wangu, wallahi mimi nachora!"

"Haya chora. Si ulikuwa na kima? Chora kima."

Chupa ilikuwa tupu. Wino uliobaki ni ule wa shati. Nikawa nachovya brashi tumboni mwangu mwenyewe. Nikafumba macho, nikaanza kuvuta pumzi.

"Unalala? Chora!"

Nikachora. Akaishika karatasi, akaisogeza mbali na macho, akaigeuza juu chini, akairudisha.

"Huyu mbuzi."

"Kima, mzee."

"Kima hana pembe."

"Hayo masikio."

Akanyamaza. Akaitazama tena karatasi, akanitazama mimi, panga likashuka.

"Mchoma makaa angekuja na uongo uliotengenezwa kidogo. Nenda zako, mwanangu."

Nikakusanya vitu vyangu mbio mbio, nikanyoosha mkono kuchukua karatasi. Akaificha nyuma ya mgongo.

"Hii niachie. Nitaifunga kwenye mnazi, wananimalizia vidaka. Wakimwona huyu, watahama."