Futeni Alama, Msifute Onyesho

Kila kiangazi hapa Marekani, kuanzia mwishoni mwa Juni hadi wiki ya pili ya Agosti, vikosi vya ngoma na matarumbeta vya DCI (Drum Corps International, chombo kinachoendesha mashindano yao) huzunguka nchi kwa mabasi, vijana wakilala kwenye sakafu za kumbi za michezo za shule. Uwanjani hupiga muziki huku wakitembea kwa mpangilio, na majaji huwapa alama. Na kila kiangazi yapo maonyesho yanayoharibiwa na mvua. Msimamo wangu ni huu: mvua ikinyesha, alama zifutwe, lakini vijana wapewe nafasi wapige.

Kwa nini alama zifutwe, naelewa vizuri. Mwaka 2008, kule Bloomington, Indiana, kikosi cha Phantom Regiment kilitwaa ubingwa kwa kukipita kikosi cha Blue Devils kwa alama 0.025 tu, katika mashindano yenye alama 100. Ushindani ukiwa mkali kiasi hicho, si haki kumpima aliyecheza pakavu pamoja na anayekimbia kinyumenyume kwenye nyasi bandia zinazoteleza, tarumbeta mdomoni. Tena siku hizi mbele ya uwanja kuna vipaza sauti, vinanda vya umeme na nyaya kila mahali, na marimba za mbao ya bei mbaya zinazoharibika zikilowa. Radi nayo haina mjadala. Ikinguruma, watu wote wanatoka, na kawaida dakika 30 huhesabiwa upya tangu ngurumo ya mwisho.

Linaloniuma ni pale radi imeshakwenda zake, yamebaki manyunyu, halafu linatoka tangazo kwamba basi, nendeni nyumbani. Wakati njia ipo na imezoeleka: kikosi kinajipanga nusu duara mbele ya majukwaa, hakuna kutembea, hakuna majaji, kinapiga muziki wake.

Nimeyashuhudia hayo Pennsylvania, kwenye uwanja ambao zaidi ya nusu ya watazamaji walikuwa wameshaondoka. Vijana waliingia na makoti ya mvua badala ya sare, marimba zikabaki kwenye lori. Tuliobaki tuliruhusiwa kushuka hadi safu za chini, nikajikuta hatua chache tu kutoka kwa wapiga ngoma. Kila fimbo iliposhuka, maji yaliruka juu ya ngoma hadi usoni mwa mpigaji, naye hata hapepesi macho. Ngoma zetu za ngozi zikilowa hulegea, mpaka ziotwe moto ndipo zilie tena. Hizi zimewambwa kwa nyuzi ngumu za kiwandani, kwa hiyo mlio ulibaki mkali vilevile. Mpiga tuba mmoja, muziki ulipotulia kidogo, aliinamisha tuba yake, maji yakamwagikia viatuni, akairudisha begani na kuingia kwa wakati wake bila kuyumba.

Na sauti! Siku ya kawaida wapigaji wametawanyika uwanja mzima wa yadi 100, tena mbiombio. Wakisimama bega kwa bega, muziki wote unakujia kwa pamoja na unausikia kifuani. Mimi nimewasikiliza pia ndani ya viwanja vyenye paa, ambako mwangwi huwachanganya, na sijapata kusikia matarumbeta yakilia safi kama usiku ule.

Wapo wanaosema walilipia kuona mwendo na bendera, si watu waliosimama. Wana haki ya kulalamika. Ila nawaomba wawafikirie wanaopiga. Hawa si wanamuziki wa kulipwa. Wao ndio wanaolipa, maelfu ya dola kwa msimu, na wakifika mwanzoni mwa miaka ya ishirini kanuni ya umri inawatoa. Kijana aliye kwenye msimu wake wa mwisho harudishiwi jioni iliyofutwa.

Fainali zenyewe ziko salama, maana tangu 2009 mashabiki hukutana Indianapolis, Lucas Oil Stadium, chini ya paa. Miji midogo haina anasa hiyo. Inachoweza ni kuweka tayari ukumbi wa michezo wa shule jirani, na kuandika kwenye tiketi tangu mwanzo kwamba mvua ikizidi, vikosi vitapiga vikiwa vimesimama, humo ndani au uwanjani. Tukilijua hilo mapema, tutakimbilia magari radi ikianza, lakini tutakaa humo tukisubiri kuitwa, hatutawasha na kuondoka.