Kadi ya laki mbili au ya elfu arobaini? Hesabu ya mchezaji wa Mombasa

Mpwa wangu wa Kisauni ameweka akiba zaidi ya mwaka mzima anunue kadi ya picha, kile kifaa cha kompyuta kinachochora picha za michezo, na wiki iliyopita alinijia na swali moja: "Mjomba, nichukue kadi kubwa nimalizane nayo, au nichukue ndogo?" Nikamwambia anipe siku mbili. Jibu nilikuwa nalo, lakini nilitaka kuupa haki upande wa pili. Mimi ni fundi wa kompyuta, kazi yangu ni kuona vitu vilivyoungua na kuliwa na kutu, na fundi wa hivyo huwa mwepesi wa kumkataza mtu kitu kizuri.

Kadi alizokuwa akizilinganisha ni za kizazi kimoja cha kampuni ya NVIDIA: RTX 4090 iliyotoka Oktoba 2022 kwa dola 1,599, na RTX 4060 iliyotoka Juni 2023 kwa dola 299. Ukipiga dola kwa shilingi 129, unapata kama shilingi 206,000 na 38,600, kabla ya nauli, VAT ya asilimia 16 na faida ya muuzaji. Kubwa ina viini 16,384 vya kuchorea picha, ndogo ina 3,072. Viini ni mara tano na ushei, na bei vilevile ni mara tano na ushei. Mtu angedhani basi kila shilingi inanunua kazi ileile. Haiwi hivyo, na sababu iko kwenye skrini.

Skrini ya kawaida ya 1080p ina pikseli, yaani vidoti vya picha, kama milioni 2.1. Ya 4K ina milioni 8.3, mara nne yake. RTX 4090 ikiwekwa mbele ya skrini ya 1080p humaliza kuchora fremu, zile picha mojamoja zinazofuatana kwenye mchezo, mapema kisha hukaa ikimsubiri prosesa aipe kazi nyingine, na prosesa ikiwa ya zamani, kusubiri huko ndiyo kazi yake kubwa. Kwa skrini hiyo utapata fremu mara mbili na kidogo za kadi ndogo. Ukipanda hadi 4K pengo hufunguka, likafika mara tatu hivi au zaidi. Mara tano za bei hazionekani popote kwenye mchezo. Na kama skrini yako inaonyesha fremu 60 kwa sekunde, zile 200 unazozalisha huzioni, ingawa stima yake umeshailipa.

Ila nisiifanye kadi kubwa kuwa kitu cha majivuno tu. Mteja wangu mmoja wa Nyali anayo, na siku niliyokwenda kumbadilishia SSD aliniwashia mchezo wa Cyberpunk 2077 kwenye ile hali ya kufuata miale ya mwanga iliyoongezwa Aprili 2023. Mchezo ulikuwa usiku, mvua inanyesha, barabara imelowa. Palikuwa na dimbwi dogo pembeni, na ndani yake maandishi ya duka yanameremeta kichwa chini. Mhusika alipopita, maandishi yakakatika kwa kivuli chake, halafu yakajiunga tena. Nimefanya kazi hii miaka mingi na nilisimama pale kama mtoto. Kwa kadi ndogo hali hiyo huwezi kuiwasha kwa raha hata kwenye 1080p, na anayesema hakuna tofauti hajakaa mbele ya mashine hiyo.

Tena kuna watu ambao kadi kubwa kwao ni chombo cha kazi. Memori yake ni GB 24. Mpiga video za harusi anayetoa kazi ya 4K kila wikendi, au mchora ramani za nyumba anayemwonyesha mteja sebule kabla msingi haujachimbwa, kila saa anayookoa ina bei. Mtu huyo akicheza usiku kwa kadi aliyoinunua kwa kazi ya mchana, sina neno naye.

Sasa tuje kwenye mji wetu. Kadi ya RTX 4090 imepimiwa wati 450, ya 4060 wati 115. Wati zote hizo, kadi ikishamaliza kazi, hugeuka joto ndani ya chumba. Ongeza prosesa na skrini, mashine kubwa ikibanwa inakaribia wati 600 au inazipita. Hiyo ni kama kuiacha pasi ikiwaka kwa zaidi ya nusu ya nguvu yake saa nne mfululizo, na madirisha umeyafunga kwa sababu ya mbu. Fanya hivyo Februari au Machi, kaskazi inavuma, nje kuna nyuzi 32 au 33, juu yako ni mabati. Anayeishi Limuru huenda akaifurahia mashine kama jiko. Wa Kisauni atalazimika kununua AC, na AC nayo ina tokeni zake.

Tokeni zenyewe tuzihesabu. Ukicheza saa nne kwa siku kadi ikiwa imebanwa, kubwa hula yuniti 54 kwa mwezi, ndogo hula kama 14. Chukua shilingi 30 kwa yuniti: 1,620 dhidi ya 420. Kwa mwaka tofauti ni zaidi ya shilingi 14,000, na kadi ndogo mpya inakuja karibu kila baada ya miaka miwili, kwa hiyo akiba hiyo ingelipia sehemu kubwa ya bei yake. Kwa haki, kadi kubwa si lazima ibanwe. Ukiiwekea kikomo cha fremu hula kidogo sana, na ukiipunguzia nguvu hadi asilimia 70 hupoteza kasi ndogo tu. Mashine yake ya kupozea nayo ni kubwa, feni huzunguka polepole, hata kelele husikii. Lakini kama utainunua kisha uifunge kamba kila siku, swali la kwanza linarudi mezani.

Halafu kuna chumvi. Mwaka jana nilifungua kompyuta iliyokaa miaka mitatu kwenye nyumba inayoelekea bahari. Vumbi halikuwa vumbi la kupuliza. Lilikuwa limeshikana na unyevu likawa kama utando wa mkeka, limejaza nafasi zote kati ya mapezi ya alumini ya kupozea kadi. Skrubu mbili ziligoma. Pembeni, pale kadi inapochomekwa, palikuwa na doa la kijani, kutu ya shaba. Nilisafisha kwa spiriti na mswaki jioni nzima, kadi ikapona. Ilikuwa ya elfu thelathini. Nilipokuwa nikiisugua niliwaza: kama hii ingekuwa ya laki mbili, na hewa ni hiihii, mwenyewe angelala vipi? Chumvi haiulizi bei.

Wachezaji wa mtandaoni huniambia wanahitaji fremu nyingi ili wawahi kupiga. Ni kweli kwamba fremu 144 hukupa picha mpya kila milisekunde 7, ilhali 60 hukupa kila milisekunde 17. Hizo milisekunde 10 zina thamani. Lakini mwanga ndani ya kebo husafiri kama kilomita 200 kwa milisekunde. Nyaya za baharini zinashukia hapahapa Mombasa, SEACOM na TEAMS tangu 2009, na hilo limetusaidia mno, ila seva ikiwa Ulaya, njia ya kilomita 10,000 kwenda na kurudi ni milisekunde 100 kabla hujahesabu chochote kingine. Hakuna kadi inayoifupisha safari hiyo. Na michezo inayochezwa sana na vijana wetu, mpira wa EA, Valorant, GTA V iliyofika kwenye kompyuta 2015, kadi ndogo inaimudu bila kutoa jasho.

Hadi hapa nimeonekana nimeshaiua kadi kubwa. Ndogo nayo ina aibu zake, na ndizo zinazonikera kuliko zote, kwa sababu anayeumia ni mtu mwenye pesa chache. RTX 4060 ina memori ya GB 8 tu. Michezo mipya ikijaa humo, mashine huanza kuchota picha kutoka RAM, memori ya kompyuta yenyewe iliyo mbali na kadi, na kadi hiyo imepewa njia nane tu za data kwenye ubao mkuu wa kompyuta badala ya 16. Ukiichomeka kwenye ubao wa zamani wa PCIe 3.0, toleo la njia hizo lililotangulia 4.0, upana wa njia unapungua kwa nusu. Utaona kipimo kinasema fremu 70, lakini ukigeuka ghafla picha inakwama, inaruka, inakwama. Na mwaka 2025 mwezi wa Mei ilipotoka RTX 5060, bei ilikuwa dola 299 zilezile na memori GB 8 zilezile, ilhali ile ya juu, RTX 5090, ilikuwa imepanda tangu Januari hadi dola 1,999 na wati 575. Mnunuzi wa chini anaendelea kupewa memori ileile.

Kwenye mitumba hatari ni zaidi. Sarafu ya kidijitali ya Ethereum ilipoacha kuchimbwa kwa kadi Septemba 2022, kadi nyingi zilizofanya kazi usiku na mchana ziliingia sokoni. Kuna kadi za RX 580 za kampuni ya AMD zilizoandikwa 2048SP, toleo lililotengenezwa kwa soko la China lenye viini 2,048 badala ya 2,304. Muuzaji anakwambia ni 580, na ubavuni imeandikwa 580. Kabla hujatoa pesa, mwambie aiwashe, fungua programu ya GPU-Z, soma idadi ya viini kwa macho yako. Akikataa, ondoka.

Na wengi wetu kompyuta zetu ni zile za ofisi zilizotoka ng'ambo, pawa saplai ya wati 240 au 290, haina hata waya wa kadi. Humo hata 4060 haiingii vivi hivi. GTX 1650 ya wati 75, ile isiyodai waya wa ziada, ndiyo rafiki yake, ingawa memori yake ni GB 4 tu.

Basi mpwa wangu. Skrini yake ni 1080p, prosesa yake si mbaya, ubao wake ni wa PCIe 4.0, chumba kina dirisha moja. Nimemwambia aziache zote mbili alizozitaja, achukue RTX 5060 Ti yenye GB 16, iliyotoka Aprili 2025 kwa dola 429, wati 180. Pesa itakayobaki inunue pawa saplai ya kuaminika, skrini ya 1440p, iliyo kati ya 1080p na 4K, na feni mbili za kasha, na bado atakuwa na akiba.

Alinyamaza kidogo, akasema, "Lakini Mjomba, ile mvua ya Nyali uliyonisimulia." Nimeshaongea na mwenye mashine, amekubali. Jumapili baada ya alasiri tutakwenda wote, akakae mbele yake, aione mwenyewe kabla hajatoa pesa.